Amplifaya ya bluzi na kantri haichaguliwi kwa wingi wa wati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa msomaji asiyepiga gitaa, lakini ambalo limewagharimu vijana wengi wa bendi zetu fedha walizozitafuta kwa jasho: namna ya kuchagua amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, ya gitaa la umeme. Nimepiga muziki wa kantri na bluzi katika mikahawa na kumbi za Nakuru, Eldoret na Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, na karibu kila mwezi hunijia kijana ambaye ameshanunua, akitaka nimweleze kwa nini chombo chake chenye wati 100 na vifundo vingi kupita kiasi kinatoa sauti nyembamba kama ya nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Laiti angalikuja kabla ya kulipa.

Wapo wauzaji wanaomwambia mteja kwamba bluzi ina amplifaya yake na kantri ina yake, kwa hiyo anayependa zote mbili hana budi kununua mbili. Sikubaliani nao hata kidogo. Aina hizi mbili za muziki zilinyonya ziwa moja kusini mwa Marekani. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alizijenga nyimbo zake nyingi juu ya mfumo uleule wa bluzi, na santuri zake zilisafiri hadi nchi ya Wakipsigis, kiasi kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi aliwakuta wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Hata vyombo vyenyewe vina asili moja. Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, aliwapa wanamuziki wa kantri wa eneo lake amplifaya zake wazijaribu na kumletea malalamiko, na vyombo vilivyorekebishwa kutokana na malalamiko hayo ndivyo walivyovikumbatia baadaye wapiga bluzi wa Chicago. Telecaster, gitaa la Fender, aliyoipiga Don Rich kando ya mwimbaji wa kantri Buck Owens kule Bakersfield, California, ni gitaa la aina ileile aliyoishika Muddy Waters, gwiji wa bluzi wa Chicago.

Kinachotofautiana ni namna mkono unavyotumika, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kutega sikio. Mpigaji wa kantri hutaka sauti safi na yenye mwanga, ambayo kila uzi unasikika peke yake hata anapoubana na kuuachia kwa haraka, na hataki ikwaruze eti kwa sababu ametia nguvu. Mpigaji wa bluzi hutaka sauti iliyo safi anapogusa uzi kwa upole, kisha inayonguruma anapoupiga kwa uchungu. Msomaji atadhani matakwa haya yanapingana, lakini amplifaya nzuri ya vali, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, huyatimiza yote mawili katika sehemu tofauti za kifundo kimoja cha sauti: kikiwa chini kantri inatoka bila doa, na kikipandishwa kupita katikati bluzi inaanza kunguruma. Mpigaji mzoefu hahitaji hata kuinama, kwa maana hupunguza kidogo kifundo cha gitaa lake na ngurumo ikatulia, kisha hukiongeza nayo ikarudi. Siri yake ni kwamba vali ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake huviringisha vilele vya mawimbi ya umeme kidogo kidogo, na sikio huyapokea mageuzi hayo kama unene na joto la sauti. Transista za kawaida, vile vipande vidogo vinavyofanya kazi ya vali katika amplifaya nyingine, huvikata vilele hivyo ghafla kama kwa panga, na ndipo tunapompata yule nzi wa kwenye chupa.

Sasa niseme kuhusu wati, maana hapa ndipo vijana wanapopotezwa zaidi. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 20 hadi 40, hupati sauti maradufu; unapata ongezeko la desibeli 3 tu, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, ambalo katikati ya kelele za ukumbi mtu anaweza asilitambue. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika karibu mara 10 ya wati za mwanzo. Spika ina uzito mkubwa katika hesabu hii kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ikichukua nafasi ya ile inayotoa 97, ni sawa na kuongeza wati maradufu bila kugusa kitu kingine chochote. Kwa hiyo anayelinganisha vyombo viwili kwa kusoma wati zilizochapishwa kwenye katoni, bila kuuliza spika ni ya inchi ngapi na ya aina gani, analinganisha magari kwa rangi. Kwa muziki huu ningemsihi mnunuzi asishuke chini ya spika ya inchi 10, na akiweza achukue ya inchi 12, kwa sababu spika ndogo za inchi 6 au 8 haziwezi kuzibeba nyuzi nene za gitaa kwa heshima inayostahili.

Nikiulizwa nitaje amplifaya moja, nitataja Deluxe Reverb ya Fender. Ilianza kutengenezwa mwaka 1963, ina wati 22, vali mbili za sauti aina ya 6V6, spika moja ya inchi 12, mwangwi unaozalishwa na springi za chuma, na tremolo, yaani mtikisiko wa sauti ambao kantri na bluzi zote zimeupenda tangu zamani. Wati 22 zinatosha kwenda sambamba na mpiga ngoma mwenye adabu katika ukumbi wa watu 100, na ukumbi ukiwa mkubwa zaidi huwekwa maikrofoni mbele ya spika, kazi ya kuufikia umati ikaachiwa mitambo ya ukumbi. Ndugu yake mkubwa, Twin Reverb, ana wati 85 na spika mbili, naye hutoa sauti safi isiyo na mfano. Lakini ana kilo zipatazo 29, na ili aanze kunguruma inabidi apigwe kwa kishindo ambacho hakuna mwenye mkahawa atakayekivumilia. Blues Junior ya wati 15 ni nyepesi na nafuu, na kwa bluzi inaridhisha sana. Tatizo lake ni kwamba ngoma zikianza, sauti safi huisha mapema, na mpiga kantri hubaki akikwaruza pale alipotaka kung'aa.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kuwa nawadharau wasio na fedha za vali, wala sikubali imani kwamba bila vali hakuna muziki. B.B. King mwenyewe, gwiji wa bluzi, alipiga kwa miaka mingi kwenye Lab Series L5, amplifaya ya transista, na sijasikia mtu akisema kwamba bluzi yake ilipungua chumvi. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ina sauti safi inayoifaa kantri na hata benga yetu, ingawa kwa bluzi itahitaji pedali mbele yake, yaani kisanduku cha kukanyagwa kinachobadilisha sauti. Siku hizi zipo pia za dijitali zinazoiga mwenendo wa vali kwa karibu sana. Katana ya Boss ina swichi ya kupunguza nguvu hadi nusu wati, jambo ambalo anayeishi katika chumba cha kupanga na majirani ukutani atalishukuru, na Tone Master ambayo Fender waliitoa mwaka 2019 kwa umbo la Deluxe Reverb ina uzito wa kilo 10 hivi, ilhali ile ya vali inakaribia kilo 19. Tofauti hiyo ya kilo anaijua vizuri mtu anayerudi nyumbani kwa bodaboda saa tisa za usiku.

Kuhusu pedali nitasema neno moja tu. Amplifaya za Fender za mtindo wa Deluxe Reverb kwa asili zina upungufu wa sauti za kati, zile zilizo kati ya nene na nyembamba, nayo pedali kama Tube Screamer ya Ibanez huziongeza hizohizo sauti za kati. Ndiyo maana hizi mbili zimeoana kwa muda mrefu, na kwa njia hiyo mtu anaweza kuiacha amplifaya yake katika hali safi ya kantri na kuiingia bluzi kwa kukanyaga mara moja.

Liko jambo ambalo vitabu na matangazo kutoka ng'ambo hayatufundishi, nalo ni umeme wetu. Marekani hutumia volti 120. Kenya tunatumia 240. Amplifaya nyingi za vali zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina transfoma inayokubali volti 120 peke yake, na nyingi kati ya hizo hutufikia kupitia ndugu zetu walioko huko, wanaozinunua zikiwa zimetumika na kututumia kwa nia njema kabisa. Mimi nilitumiwa moja na binamu yangu. Fundi niliyempelekea aikague aliichomeka moja kwa moja ukutani bila kusoma kibao cha nyuma, fyuzi ikakatika, naye akaweka fyuzi kubwa zaidi ili ivumilie. Ilivumilia kwa muda wa kumenya chungwa. Transfoma iliungua, na harufu yake ninaikumbuka hadi leo, kwa sababu chombo hicho nilikuwa nimekingojea miezi minane.

Kwa hiyo namwomba kila mnunuzi asome kibao cha nyuma kabla ya kusoma bei. Kikisema volti 120, atafute transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi kwa mbali wati ambazo amplifaya inavuta ukutani, ambazo ni nyingi kuliko wati za spika, au amtafute fundi wa kubadilisha transfoma ya ndani. Asikubali kamwe kukatiwa waya wa ardhi kwa kisingizio cha kuondoa mvumo. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma kwa mkono, na mdomo wake huwa karibu na maikrofoni ya chuma; hitilafu ya waya huo imewahi kuua wanamuziki. Asifungue pia amplifaya ya vali nyumbani kwa sababu tu ameichomoa, kwani ndani yake mna kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, zinazoweza kushikilia volti zaidi ya 400 muda mrefu baada ya umeme kuzimwa.

Mwisho nina ombi kwa wenye maduka ya ala za muziki. Mteja anayekuja na gitaa lake mwenyewe apewe kiti na soketi kwa robo saa, na aachwe apandishe kifundo hadi kiwango atakachokitumia jukwaani, kwa kuwa amplifaya inayojaribiwa kwa sauti ya kunong'ona haifichui tabia yake. Apige kwanza polepole kwenye nyuzi nene, kisha azikung'ute zile nyembamba karibu na daraja ambako Telecaster huwa kali zaidi, ndipo apunguze kifundo cha gitaa asikilize kama sauti inasafika au inafifia tu. Pia kwenye karatasi ileile ya bei paandikwe volti ya chombo kwa tarakimu zinazosomeka. Kazi hiyo haichukui dakika moja, na ingaliniokolea amplifaya yangu.

Mpiga gitaa,
Nakuru