Safari ya China haifiki saa 15

Ndugu Mhariri,

Nimeendesha basi la Mbeya–Dar miaka 19, kwa hiyo mtu akikosea kilomita au saa mbele yangu nashindwa kunyamaza. Ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita umesema ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou inakaa angani saa 15. Hapana. Na najua mmeteleza wapi, maana hapa kwangu Uyole tuliteleza palepale.

Binti yangu wa mwisho alipokwenda huko kufuata mzigo, tiketi ilisema anaondoka Dar 1500 na kufika kesho yake 0630. Mama yake akahesabu kwa vidole, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapata saa 15 na nusu, akamfungia chapati kumi na mbili. Tiketi ya kurudi ikasema kuondoka 0900, kutua Dar 1500 siku hiyohiyo. Saa sita! Shemeji yangu akatangaza kuwa huyu rubani wa kurudi ndiye dereva, yule wa kwanza alikuwa anasinzia.

Kumbe kila saa kwenye tiketi ni ya mji ndege ilipo. China wametutangulia saa 5. Ukienda unazitoa, ukirudi unaziongeza: kwenda saa 10 na nusu, kurudi 11. Umbali hewani ni kama kilomita 8,700, kwa hiyo ndege inakwenda wastani wa zaidi ya 800 kwa saa. Mimi tochi ya trafiki ilikuwa inaninasa nikigusa 85.

Ile nusu saa ya tofauti, sanasana ni upepo. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, anayekwenda mashariki anasukumwa, anayerudi anaupanda kama mlima. London na New York ni kama kilomita 5,500. Kwenda Marekani ni karibu saa 8, kurudi ni 7 au pungufu. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ilitoka New York ikatua London kabla ya saa 5 kutimia.

Hata hapa kwetu watu hukosea. Mbeya–Dar kwa barabara ni kama kilomita 830, hewani ni 690 hivi, maana ndege haishuki mlima wa Kitonga wala haipangi foleni mizani ya Makambako. Ukigawa 690 kwa mwendo wa jeti unapata dakika 50. Huzipati. Kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani kunakula muda, inafika saa moja na zaidi, na ndege ya pangaboi ni karibu saa mbili.

Basi mkiandika muda wa ndege, semeni ni saa za mji gani, na mtuwekee pia saa zetu za Kiswahili. Jirani yangu tiketi yake iliandikwa 0700. Alifika uwanja wetu wa ndege wa Songwe saa tano asubuhi, suti imenyooka, akijisifu kuwahi ndege ya saa saba mchana. Mlinzi akamwambia ndege yake iliondoka saa moja.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya