Vifaa vya Kimandarini kwa mtoto anayejifunzia nyumbani: nunua sauti kwanza

Mzazi akiingia dukani kuulizia vitabu vya Kichina vya mtoto, mara nyingi anaanza na bei. Sisi humrudishia swali: nyumbani nani atamsomea kwa sauti? Jibu la kawaida hapa Mwanza ni kwamba hakuna. Baba anafuata mzigo Guangzhou na anajua namba na maneno ya kupatana bei, shangazi anauza mabondo ya sangara yanayoishia China, kaka amefanya kibarua kwa mkandarasi wa Kichina kwenye reli ya Mwanza–Isaka. Sababu za kumfundisha mtoto zipo tele. Anayekosekana ni mtu wa kumtamkia sentensi nzima sawasawa, na karatasi peke yake, hata ziwe nzuri vipi, haziwezi kuziba pengo hilo.

Kimandarini, yaani Kichina rasmi, kina toni (namna za kupandisha na kushusha sauti) nne na moja hafifu. Silabi ileile, kuanzia toni ya kwanza hadi ya nne: mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kukaripia. Kwa watu wa ziwani: yú ni samaki, yǔ ni mvua. Kiswahili hakina mambo haya; pandisha sauti ukitamka "samaki", bado ni samaki, labda umeuliza swali tu. Mtoto aliyelelewa na bibi anayeongea Kisukuma, Kihaya au Kijita ana faida kidogo, maana lugha hizo zina toni na sikio lake limezoea kwamba kimo cha sauti kinabeba maana. Ila asitegemee zaidi ya hapo. Huko, kwa sehemu kubwa, silabi moja iko juu na nyingine iko chini. Kimandarini kinataka sauti ipande au iporomoke ndani ya silabi moja, na toni ya tatu ikitamkwa peke yake huzama kwanza ndipo iinuke. Hakuna mchoro unaomfundisha mtoto jambo hilo bila kulisikia.

Kwa hiyo kitabu kisicho na sauti ya mzungumzaji wa lugha tunakiweka kando hata kama picha zake zinang'aa. Chenye sauti nacho kijaribiwe kabla hujalipa. Kama sauti inafunguliwa kwa msimbo wa QR, toa simu uuskani palepale: mingine hupeleka kwenye ukurasa unaodai akaunti ya WeChat, mingine kwenye ukurasa uliokwisha kufungwa kwa kuwa toleo ni la zamani. Kama kuna CD, uliza faili hizohizo kwenye fleshi, maana laptopu za siku hizi nyingi hazina mahali pa kuweka CD. Kisha sikiliza somo moja zima. Sauti inayomfaa mtoto hutamka neno peke yake, halafu neno hilo ndani ya sentensi fupi, na huacha kimya cha sekunde 3 hivi ili arudie. Ikisoma maneno 20 mfululizo bila kupumua, mtoto ataishia kusikiliza tu.

Bando lisikutishe. Faili ya MP3 ya kawaida, ya 128 kbps, inakula takriban MB 1 kwa dakika, hivyo masomo yenye jumla ya saa 3 hayafiki MB 200. Pakua mara moja, weka kwenye memori kadi, na mtoto wa Ukerewe atasikiliza bila kungoja mtandao. Msimsikilizishe kwenye sabufa. Besi humeza konsonanti nyembamba za x, sh, q na s, na hizo ndizo ngumu kuzitofautisha. Spika ya simu au hedifoni za kawaida zinatosha.

Yapo malalamiko ambayo wazazi hutuletea kuhusu vitabu ambavyo havina kosa: "Sauti hailingani na maandishi." Kitabu kimeandika nǐ hǎo (salamu), sauti inasema ní hǎo. Toni ya tatu mbili zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili katika usemi, lakini maandishi hubaki vilevile. Neno 不, bù, likifuatwa na toni ya nne linatamkwa bú, na 一, yī, nalo hubadilika kufuata jirani yake. Mwache mtoto aifuate sauti. Kitabu makini hueleza haya kwa mistari miwili mitatu mahali panapostahili.

Sasa vitabu vyenyewe. Vingi vinavyoingia mjini pamoja na mizigo ya Guangzhou ni vya darasa la kwanza la shule za China. Vimechapwa vizuri na bei yake si kubwa, lakini vimeandikwa kwa mtoto ambaye tayari anaongea lugha hiyo na sasa anafundishwa kuisoma. Mtoto wa Nyegezi au Igoma hana lugha ya kusoma bado. Kabla hajafika mbali anakutana na shairi. Tafuta kilichoandikwa kwa ajili ya wageni: somo la kwanza ni salamu na majina, maneno mapya ni 5 hadi 8 kwa somo, na maneno ya somo la pili yanajitokeza tena katika la tatu na la nne. Hilo la kurudiarudia ndilo tunalolikagua kuliko lolote. Funua somo la 6, hesabu ni maneno mangapi ya nyuma yamo ndani yake. Kama yote ni mapya, hicho si kitabu cha kiada, ni orodha yenye picha.

Mtego mwingine ni mfumo wa maandishi. China bara na Singapore hutumia herufi zilizorahisishwa. Taiwan na Hong Kong hutumia za jadi. Huhitaji kujua Kichina ili kutambua: tafuta 学 (kujifunza) au 马 (farasi). Ukikuta 學 na 馬, hicho ni cha jadi. Ukiona vialama kama ㄅㄆㄇㄈ pembeni mwa herufi, kimetoka Taiwan. Si vibaya kwa vyenyewe, ila ukivichanganya na vya China bara katika nyumba moja, mtoto ataona neno moja kama mawili. Kitabu cha Hong Kong kinaweza hata kuwa na sauti ya Kikantoni, ambayo ni lugha nyingine kabisa kwa sikio.

Pinyin ndiyo inayotuletea kazi kubwa. Ni mfumo rasmi wa China, tangu 1958, wa kuandika matamshi kwa herufi hizihizi tunazotumia, na tatizo liko hapohapo. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto wetu anaziamini herufi. Akikuta cài, yaani mboga, anasoma "chai". Kumbe c hiyo ni "ts" inayotoka na pumzi. Akikuta qǐng anasoma "king". Herufi b ya pinyin inakaribia p isiyo na pumzi, na p yake inatakiwa itikise karatasi iliyoshikwa mbele ya mdomo (jaribuni, ni kipimo kizuri na watoto wanakipenda). Halafu u inayokuja baada ya j, q, x au y si u yetu: midomo inaviringwa kama ya "u" huku ulimi ukikaa pa "i". Kwa maana hiyo hata yule yú wetu wa samaki si "yu" tunayoijua.

Kutokana na hayo, mtoto ambaye hajamaliza KKK, yaani bado anaunganisha ba be bi bo bu, hatumuuzii pinyin. Apewe sauti na picha. Ukimwongezea wakati huo c inayosomwa "ts", utamharibia Kiswahili na Kichina kwa pamoja. Akishasoma Kiswahili bila kukwama, mara nyingi kwenye miaka 8 hivi, chati moja ya pinyin ya A3 yenye sauti zake inatosha. Na jambo moja tunawaomba wazazi: msiandike "ni hao" na "she she" (xièxie, asante) kwa kalamu juu ya kila neno. Mtoto atayasoma hayo maisha yake yote, bila toni na bila x. Afadhali akwame na kubonyeza sauti tena.

Vitabu vingi huweka pinyin juu ya herufi, na macho ya mtoto huenda kwenye pinyin tu. Kata ukanda wa manila, sentimita 3 kwa 15, ufunike mstari wa pinyin anaporudia somo mara ya tatu. Ukanda huo unafanya kazi ambayo vitabu vya gharama hujaribu kuifanya kwa kupunguza pinyin somo hadi somo.

Kuandika kwa mkono kusubiri hadi maneno 30 hivi yakae masikioni. Daftari maalumu la Kichina lina miraba yenye msalaba ndani, unaomsaidia mtoto kuipima herufi isiegemee upande. Daftari la hesabu lenye vimraba linaweza kufanya kazi hiyohiyo: chukua vimraba vinne, viwili kwa viwili, uvizungushie mstari mzito, msalaba tayari umo. Vikiwa vya nusu sentimita, zungushia 16, ndipo upate mraba wa sentimita 2 unaomfaa anayeanza. Mkubwa kidogo anaandika kwenye sentimita 1.5, karatasi ya A4 yenye pambizo ya sentimita 1.5 hubeba miraba 12 kwa upana na 17 kwenda chini. Ukiprinti, chagua ukubwa wa asilimia 100, la sivyo printa itaipunguza miraba yako kimyakimya. Utaratibu wa kuchora mistari ufuatwe tangu siku ya kwanza: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima kama katika 十, na katika 国 sanduku hufungwa mwisho. Aliyezoea kuchora ovyo huchelewa kila herufi inapokuwa na mistari zaidi ya 8.

Kwenye kuprinti ndiko fedha hupotea bure. Faili ya Word iliyotengenezwa kwenye kompyuta moja, ikifunguliwa kwenye isiyo na fonti ya Kichina, herufi zote zinaweza kugeuka viboksi vitupu, au kompyuta ikachagua fonti ya Kijapani ambayo baadhi ya herufi zake zina umbo tofauti. Hifadhi kama PDF yenye fonti ndani yake. Chagua fonti ya KaiTi, inayofanana na mwandiko. Fonti ya magazeti ina vipembe vidogo mwishoni mwa mistari, na mtoto atavinakili kwa uaminifu wote. Usitoe kopi ya kopi pia. Alama za toni ni nyembamba, kopi ya pili hufifisha na ya tatu hufuta, na hapo mā na mà zinabaki ma.

Kadi za maneno: manila ya gramu 200 hadi 250, A4 moja ikatwe vipande 8, kila kimoja kama sentimita 10.5 kwa 7.4. Upande mmoja picha, upande wa pili herufi na pinyin. Ukiweka vyote upande mmoja mtoto anasoma picha. Kata kwanza, ndipo ulamineti, ukiacha plastiki ya milimita 3 kuzunguka. Ukilamineti A4 nzima halafu ukate juu kwa juu, kingo hufunguka na unyevu unaingia. Kwa seti ya kwanza weka vitu anavyoviona: 鱼 yú samaki, 船 chuán chombo cha majini, 湖 hú ziwa, 石头 shítou jiwe. Yule mnyama panda atasubiri. Kadi za hatua ya pili ziwe na hesabu, maana Kichina huhesabu vitu kwa neno la kati linalobadilika kufuata kitu: samaki mmoja ni yì tiáo yú, kitabu kimoja ni yì běn shū. Mtoto aliyekua na ngeli hashangai kwamba nomino ina masharti yake.

Kuhusu mtihani wa Kichina kwa wageni, wa watoto unaitwa YCT na una ngazi nne: maneno 80, 150, 300 na 600. HSK ni ya wakubwa, na kwenye vitabu vyake tazama idadi ya maneno badala ya namba ya ngazi: ngazi ya kwanza ilikuwa maneno 150, lakini viwango vilivyotolewa 2021 viliiwekea 500. Kwa mwendo wa maneno mapya 5 kwa wiki, dakika 15 kila siku na wiki moja ya marudio kila baada ya wiki tatu, maneno 80 yanachukua kama miezi mitano. Anayeahidi mwezi mmoja anauza kadi.

Maelekezo ya vitabu vingi ni ya Kiingereza. Mtoto wa shule ya Kiswahili atahitaji stika za tafsiri juu ya maelekezo, nazo tunazichapa kwa kitabu chochote unacholeta. Njoo nacho, au tutumie picha za kurasa tatu: jalada la nyuma, somo la 6, na ukurasa wenye msimbo wa sauti. Tuambie na umri wa mtoto, na kama anasoma Kiswahili bila kukwama.