Wahariri wa filamu wapewe muda na zana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowakera watazamaji wengi wa filamu zetu, nalo ni kazi inayofanyika baada ya kamera kuzimwa. Watayarishaji wengi hapa Dar es Salaam humaliza fedha kwa wasanii, magari na kukodi nyumba ya kuigizia, kisha mhariri wa filamu hukabidhiwa diski na kutakiwa aitoe filamu ikiwa kamili kabla ya wiki kwisha.

Athari zake husikika hata kabla ya kuonekana. Chukua mfano wa mama na binti yake wanaozungumza sebuleni. Kila kamera inapomgeukia binti, mvumo wa jenereta unaingia, na inapomrudia mama unakatika ghafla, halafu muziki unapandishwa kuficha kasoro hiyo hadi mazungumzo yenyewe hayasikiki. Dawa yake ipo na wala si ghali: siku ya kurekodi, watu wote wanyamaze nusu dakika ili sauti ya chumba kitupu ichukuliwe, kisha mhariri aitandaze chini ya mazungumzo. Ila kazi hiyo inamtaka mtu aliyepewa muda wa kusikiliza.

Kuhusu programu za kompyuta za kuhariri filamu, vijana wengi huchagua kwa kufuata jina, wakapakua nakala ya wizi yenye virusi, nayo ikawakwamia katikati ya kazi. Sioni sababu ya kuhangaika hivyo. Adobe Premiere Pro hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na Final Cut Pro hufanya kazi katika vifaa vya Apple pekee, lakini DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo ndani yake mna uhariri wa picha, urekebishaji wa rangi na sehemu nzima ya sauti. Kwa kuwa inataka kompyuta yenye nguvu, mwenye kompyuta dhaifu ni afadhali aanze na Kdenlive, ambayo nayo ni ya bure, na ahariri kwa nakala nyepesi za video, kisha programu irudishe zile halisi wakati wa kutoa filamu. Yoyote kati ya hizo ingetosha kuitibu ile sebule.

Ninachowaomba watayarishaji ni kumwita mhariri bajeti inapoandikwa, ili aseme mapema kompyuta yake inamudu video za aina gani na anahitaji wiki ngapi, na malipo yake yatengwe kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.

Mpenzi wa filamu,
Sinza, Dar es Salaam