Makaburi ya Kunduchi yanaisha tukiyaangalia

Mhariri naomba nafasi kidogo. Juzi nilipita na wanangu kwenye magofu ya Kunduchi hapa Dar, yani nilirudi roho inauma, zile nguzo za makaburi za karne ya 18 zilizopambwa mabakuli ya Kichina sasa hivi sehemu nyingi yamebaki matundu tu, watu washabandua bakuli zao wakasepa nazo. Bakuli la marehemu unalipeleka wapi jamani!

Halafu kuna hii tabia ya kuziba nyufa kwa simenti. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa inapumua, simenti inafungia unyevu ndani, chumvi inakula jiwe taratibu mpaka plasta inadondoka yenyewe. Mafundi chokaa bado wapo, Zanzibar na Lamu huko wanaijua hii kazi, waitwe basi.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na kaburi la kabla ya 1863 linalindwa hata kama halina jina, sasa mi nauliza, mlinzi wa usiku yuko wapi?

Msomaji wenu, Tegeta