Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Redio ya Masafa ya Kati Tuliyoisikiliza Arua

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Mwaka huu tulijipa kazi moja kubwa: kukusanya habari za Redio Uganda ya masafa ya kati kama ilivyosikika huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ada zimelipwa kwa kusuasua. Mweka hazina atawaeleza mwenyewe, nisimwingilie.

Kituo kilianza mwaka 1954 kikiitwa Uganda Broadcasting Service, chini ya wakoloni, kisha baada ya uhuru wa 1962 kikawa Redio Uganda. Mchana sauti ya Kampala ilitufikia hoi. Jua likizama, inapanda. Fundi mmoja miongoni mwetu alitueleza: mchana tabaka la chini la ile anga ya juu yenye chembe za umeme huyameza mawimbi hayo, usiku tabaka hilo hutoweka, nayo hugonga juu zaidi na kurudi ardhini mbali kabisa. Utotoni mimi nilidhani ni kwa sababu watu wamenyamaza. Mawe ya redio, yaani betri, nayo tulikuwa tukiyaanika juani ili yafike hadi taarifa ya usiku.

Tuliketi na wazee jioni kadhaa. Karibu wote walianzia 25 Januari 1971, askari Sam Wilfred Aswa akisoma redioni sababu 18 za jeshi la Idi Amin kumpindua Rais Obote. Amin alipokifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, hapa hatukuhitaji mwalimu. Hilo walilisimulia kwa kicheko. Lakini tulipofika 11 Aprili 1979, kamanda David Oyite-Ojok akitangaza redioni kwamba serikali ya Amin imeanguka, baadhi walinyamaza. Hatukuwashurutisha. Yaliyofuata huku West Nile, eneo letu ambalo ndilo asili ya Amin, mnayajua.

Mwishoni mwa 1993 Sanyu na Capital walianza FM Kampala, na mwaka 2005 Redio Uganda ikaunganishwa na televisheni ya taifa kuwa UBC, Shirika la Utangazaji la Uganda. FM ina sauti safi, sikatai, ila haivuki mlima.

Aibu yetu ya mwaka ni ile redio ya mbao tuliyoazimwa na mama mmoja. Fundi wa mjini tuliyempelekea aliirudisha haina spika, akaapa ilifika hivyo. Tumemlipa mama kutoka mfuko wa chama, nami ndiye niliyeidhinisha, kwa hiyo maswali yaje kwangu.

Karatasi tumepata chache. Sauti hatuna hata moja. Mwenye kaseti aliyorekodi redioni miaka hiyo aje nayo, hata kama utepe umekatika.

Mwenyekiti