Mwandishi kudai haki yake si uchoyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji wanaowalaumu waandishi wa vitabu ambao, wanapokuta kazi zao zikigawiwa mtandaoni bila ridhaa yao, huwakabili wahusika hadharani. Hoja yao ni kwamba mwandishi wa namna hiyo ni mchoyo, anajishushia hadhi, na kwamba angepaswa kushukuru kuwa anasomwa.

Mimi ni mwandishi, na jambo hilo nimewahi kulifanya. Katika kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa riwaya, ambamo wengi hawakujua mimi ni nani, mtu aliomba kitabu changu, na hata dakika kumi hazijapita akawa ametumiwa chote. Nilipokifungua niliona kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni karibu kila mahali. Kurasa mbili zilikuwa zimerukwa, tena zile ambazo ndani yake muuaji anajulikana. Aliyetuma alimiminiwa dua. Nikaandika sentensi moja tu: "Kitabu hiki nimekiandika mimi, kwa miaka mitatu, na bado kinauzwa." Kundi likatulia kama maji mtungini. Kisha mmoja akaniuliza, kwa heshima zote, kama ningeweza kuwatumia zile kurasa mbili zilizokosekana.

Nilicheka, lakini swali lile lilinionyesha kwamba wengi wao hawakujiona wezi hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kusema mbele ya wote. Msomaji wa kawaida hajui kwamba mrabaha wa mwandishi aghalabu ni kama asilimia 10 ya bei ya kitabu, au pungufu, wala hajui kwamba mchapishaji anapoamua kama kitabu kichapwe tena, au kama kifuatacho kipokelewe, hutazama nakala zilizouzwa na si zilizosomwa. Mwaka 2017 mwandishi wa Marekani, Maggie Stiefvater, alieleza waziwazi jinsi mchapishaji wake alivyopunguza idadi ya nakala za riwaya yake mpya baada ya mauzo ya ile iliyotangulia kushuka. Yeye na nduguye wakasambaza faili lililoonekana kuwa kitabu kizima, kumbe ni sura nne za mwanzo zikijirudia mpaka mwisho, na waliokosa cha bure wakaenda kununua.

Shutuma ya uchoyo nayo ni kongwe. Mwandishi Mwingereza, Charles Dickens, alipozuru Marekani mwaka 1842 na kulalamika katika hotuba zake kwamba vitabu vyake vilichapwa huko bila yeye kulipwa, baadhi ya magazeti yalimwandama kwa maneno hayo hayo (mengine, si ajabu, yalikuwa yakinufaika na uchapaji huo), na sheria ya nchi hiyo haikuanza kuwalinda waandishi wa kigeni hadi mwaka 1891.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wanaobandika picha na namba ya simu ya mtu aliyetuma nakala tepe, yaani faili la kitabu, kwa rafiki zake. Nimeona kijana mmoja akitukanwa siku mbili mfululizo na mashabiki wa mwandishi, ilhali mwenye kuuza nakala bandia kwa mamia, ambaye ndiye hasa wa kutajwa na kushtakiwa, hakuguswa. Anayegawa kwa kutojua aambiwe pale pale alipogawa, kwa kutaja jina la kitabu na si kwa kuanika picha yake, na msimamizi wa kundi aombwe kulifuta faili. Asiye na uwezo wa kununua ana maktaba, na anaweza pia kuniandikia mwenyewe. Nimewahi kuwapa nakala walioniomba kwa uwazi.

Msimamizi wa kundi lile alilifuta faili jioni ile ile. Kurasa mbili sikuzituma.

Wako,
Mwandishi wa riwaya