Wati za kwenye boksi hazitoshi

Mhariri,

Wengi wanaonunua kadi ya grafiki (ile inayochora picha za kompyuta kwenye skrini) husoma wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, wakaishia hapo. Namba hiyo peke yake inapotosha. Kadi hutumia umeme wa volti 12, kwa hiyo soma lebo iliyobandikwa ubavuni, tafuta safu ya 12V, uzidishe ampea zake kwa 12. Pawasaplai ya “wati 500” yenye ampea 25 tu kwenye safu hiyo inatoa wati 300. Zinazobaki ni za volti 5 na 3.3, ambazo kadi karibu haizitumii.

Sasa tupige hesabu. Kadi wati 220, prosesa 125, feni, diski na ubao mama (bodi kuu inayounganisha sehemu zote) tuseme 50: jumla 395, yaani karibu ampea 33. Pawasaplai ile itazima kompyuta ghafla gemu likipamba moto, na mwenyewe atalaumu kadi bure. Tena acha akiba ya kutosha, maana kadi huvuta umeme kwa mikupuo.

Njia za kuipa kadi umeme nazo zina mipaka: sloti ya ubao mama inamochomekwa kadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi ya prosesa pia ina pini 8, ila mpangilio wake ni mwingine, usiilazimishe.

Wauzaji nao waache kuwapa wateja adapta za kutoa umeme wa kadi kubwa kwenye plagi ya diski. Nyaya zake nyembamba hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Fundi kompyuta